Ukingo wa Kijani

"Kama nyasi tu zimewashinda, Baba mtamweza?"

Wifi alilitoa neno hilo akiwa ameshashika mlango wa gari lake, kidole kimeelekea katikati ya ua, kwenye doa la manjano lenye ukubwa wa sinia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na hata nyumbani kwa baba yake aliongea kana kwamba kengele imeshagongwa. Mdogo wake, fundi wa friji, aliangalia viatu vyake. Mke wa fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hospitali, alijikuta ameficha mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni wazi hawakuwahi kutembelewa na wifi huyu.

"Nitarudi Jumapili ya tatu kutoka leo," alisema. "Chumba chake kwangu kipo tayari, kitanda nimeshatandika. Nikikuta mambo ni haya haya, naondoka naye. Na msinilaumu."

Gari likaondoka. Mzee aliyekuwa anazungumziwa alikuwa ameketi kibarazani muda wote huo, hatua chache tu kutoka pale, na hakuna aliyemuuliza chochote. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kiwanja, kwa sababu alitunza nyasi za uwanja mkubwa wa mpira kwa miaka thelathini na moja. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na ukoka ule wa uani aliupanda yeye na marehemu mkewe. Tangu mkewe afariki mwaka uliopita hakugusa tena mpira wa maji wala mashine ya kukatia, na ua ukajiendea tu. Binti yake aliishi ghorofa ya nne, mahali pasipo na udongo hata wa kujaza kikombe.

"Nikipelekwa kule," Mzee Kiwanja alisema bila kumtazama mtu, "mwezi hautaisha. Mtakuja kunichukua nimelazwa chali."

"Usiseme hivyo, Baba," mkwewe alimwambia.

"Niseme vipi? Leteni uma wa bustani. Na sepetu."

Alishuka kibarazani mwenyewe, jambo ambalo hawakuwa wameliona kwa miezi. Alishika nguzo ya kamba ya nguo iliyokuwa kando ya doa, akainama polepole, akavuta unyasi mmoja wa manjano. Ukatoka na mizizi yake yote, bila ubishi.

"Mkojo," alisema. "Tazameni. Katikati pameungua, pembeni pamestawi. Mkojo ukiwa mwingi unaunguza, ukiwa kidogo unakuwa mbolea. Ndiyo maana pana huu ukingo wa kijani." Akautupa ule unyasi. "Ni mbwa."

Mbwa mwenyewe alikuwa mmoja, dume la rangi ya udongo lililokwisha zeeka. Marehemu mama mkwe alimpa jina la Karani, kwa kuwa alikaa getini akinusa viatu vya kila mgeni kama anayewaandikisha.

"Lakini Baba," mpiga pasi alisema, "Karani siku zote anainua mguu kwenye nguzo ya geti."

"Mkwe wangu, kati yangu na wewe, nani ameshinda miaka thelathini na moja kwenye nyasi?"

Fundi naye, maneno ya dada yake yalikuwa yamemchoma, na mtu aliyechomwa hutafuta wa kumbebesha. "Basi mbwa aondoke," alisema. "Leo leo." Kulikuwa na mwenye karakana ya mbao aliyekuwa anatafuta mlinzi wa miguu minne. Jioni ile, kabla hajavishwa mnyororo, Karani alikwenda kuweka kidevu chake kwenye goti la mzee kama alivyozoea. Mzee akakiondoa kidevu kwa vidole viwili, akaingia ndani. Mpiga pasi aliliona lile, na alimchukia baba mkwe wake waziwazi moyoni. Mbwa wa mkewe mwenyewe! Huyu mzee, alijiambia, kifuani ana jiwe.

*

Kazi ilimwangukia yeye. Mumewe alikuwa akirudi jua limezama, kwa hiyo ni mpiga pasi aliyetoka hospitalini saa kumi, akavua sare, akafunga kanga kiunoni na kuchukua ndoo. Mzee alikaa kwenye kigoda akitoa amri.

Siku tatu za kwanza walimwagilia tu, ndoo kumi kila jioni, ili kuishusha chumvi ya mkojo chini kabisa. Kupanda juu ya mkojo, mzee alisema, ni sawa na kuvaa nguo safi bila kuoga. Siku ya nne ukaja uma.

"Unaushika kama umealikwa harusini. Zamisha! Ardhi haina mbavu, hutaivunja."

"Jino moja limepinda, Baba."

"Mchagua jembe si mkulima."

Walikwangua nyasi zilizokufa, wakatoa udongo wa juu kwa kina cha kiganja. Kisha wakaenda nyuma ya tangi la maji, mahali asipofika mgeni, wakakata pande la ukoka mzima, mraba, na udongo wake na mizizi yake. Nyuma ya tangi pakabaki shimo tupu. Pande likachukuliwa kwenye gunia kama mgonjwa, likalazwa kwenye kidonda cha katikati ya ua. Mzee alipiga magoti, akaweka shavu karibu kabisa na ardhi kuona kama kiraka kimelingana na wenzake.

"Weka ubao. Panda juu. Sasa ruka."

"Niruke?"

"Ruka, acha madaha! Mizizi lazima ikutane na udongo."

Akaruka. Mpiga pasi mtu mzima, kanga kiunoni, akirukaruka juu ya ubao katikati ya ua, na jirani akichungulia ukutani. Mzee Kiwanja akacheka mpaka akashika ubavu. Tangu msiba hawakuwa wamemsikia akicheka. Naye mpiga pasi alifurahi, kwa kweli alifurahi, kwa maana katika miaka minane ya ndoa yake yeye na mzee huyu hawakuwa wamevuka shikamoo, marahaba na karibu chakula.

Jioni zile mzee alipata hadithi. Alimsimulia jinsi alivyotia kiraka mbele ya goli siku mbili tu kabla ya fainali, na mizizi haikuwahi kushika. Dakika za mwisho golikipa akakanyaga pale pale, akateleza, bao likaingia. Watu wakasema golikipa amehongwa.

"Na wewe ukasemaje, Baba?"

"Mimi? Nikanyamaza."

"Na golikipa?"

"Walimfukuza."

Akacheka tena, na mpiga pasi akacheka naye, kwani ilikuwa hadithi ya zamani na jua lilikuwa zuri.

*

Kufikia wiki ya tatu kiraka kilikuwa kimeshika. Ukivuta unyasi, unakataa. Fundi alikata ua mzima kwa mashine aliyoazima, na nyumba ikaanza kufanana na nyumba. Zilikuwa zimebaki siku nne wifi aje, Jumatano jioni, mpiga pasi alipokuwa anaanua nguo akaona manjano upande wa pili wa nguzo, doa la ukubwa wa sahani, bichi kabisa.

Mumewe alisimama juu yake mikono kiunoni. "Mbwa hayupo. Sasa hili la nani?"

"Sijui."

"Hujui. Nguo zako unazifulia wapi? Si hapa hapa chini ya kamba? Na ile dawa yenu ya kung'arishia mnayotoka nayo kazini?"

"Maji yangu namwaga karoni, na wewe unajua."

"Ninachojua dada anakuja Jumapili! Nimwambie nini? Kwamba mke wangu ameshindwa hata kumwaga maji?"

Alisema kwa sauti ya kufika kwa jirani. Mpiga pasi aligeuka kumtazama Mzee Kiwanja kibarazani. Mzee alilijua doa kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Neno lake moja lingetosha. Mzee akainuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani. Mpiga pasi akaendelea kukunja nguo.

Mumewe alipoondoka alichuchumaa akalitazama doa kwa macho yake ya kazini. Miaka kumi alikuwa akichambua mashuka ya wagonjwa, na huko mtu hujifunza madoa apende asipende. Dawa ya kung'arishia hula kote sawasawa mpaka mwisho wake. Mkojo huacha pete. Hapa pete ilikuwapo, kijani kilichonona.

*

Ijumaa aliitwa zamu ya mapema. Kulikuwa kunapambazuka, mwanga wa kutosha kuona kizingiti. Alifungua mlango wa jikoni taratibu, viatu mkononi, akasimama papo hapo.

Mzee Kiwanja alikuwa amempa mgongo, katika koti lake la kazi la zamani, mkono mmoja umeshika nguzo ya kamba ya nguo. Alisimama vile muda mrefu, kama wasimamavyo wanaume wa umri wake, wakisubiri. Kisha akainama kwa shida, akaokota kopo la maji lililokuwa miguuni, akamwaga. Alijua dawa, bila shaka. Alijua kwamba maji mengi ndiyo kinga. Lakini mkono ulitetemeka na macho hayakuwa macho tena, na maji yote yakaanguka pembeni, kwenye nyasi zisizo na hatia.

Mpiga pasi alirudi ndani, akafunga mlango bila kelele, akaegemea ukuta. Ukumbi ule alioegemea ulikuwa mrefu, chumba cha mzee huku mwisho, karibu na mlango wa jikoni, choo kule mwisho. Miezi miwili nyuma alikuwa akiudeki karibu kila asubuhi. Mzee hakuwa akifika. Hakuna aliyelizungumza; mzee alisema amemwaga maji ya kunywa, naye alisema ndiyo Baba. Ila siku moja, akiwa jikoni, alimpigia simu dada yake na kumwambia: "Kazini nashinda na mikojo ya watu, nikirudi nyumbani nadeki mikojo. Mimi nimekuwa nini?" Alipogeuka alimwona mzee mlangoni, kikombe mkononi. Mzee aliomba chai. Tangu siku ile ukumbi ulikuwa mkavu, naye alimshukuru Mungu kwamba ugonjwa umepungua. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wake ulivunja kitu, na yeye hakusikia kikivunjika.

Siku nzima kazini alipiga pasi shuka na kuwaza, na tusimpake mafuta, hakuwaza mema tu. Aliwaza kwamba Jumapili neno moja kwa wifi lingetosha. Mzee angeondoka. Jioni zingekuwa zake, ukumbi ungekuwa wake, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Alilipenda wazo hilo kwa muda wa mashuka kama ishirini. Halafu akalionea aibu, kisha akalirudia tena.

Jumamosi, mumewe akiwa ameenda kutengeneza friji ya mteja, alisafisha ndoo nyeupe ya rangi, akaenda kugonga mlango wa mzee.

"Baba. Nimekuletea ndoo. Ya usiku. Naiweka hapa mlangoni, hakuna atakayejua."

Akaitua sakafuni.

"Na siku ile kwenye simu, Baba, nilisema vibaya. Nilikuwa nimechoka. Nisamehe."

"Simu gani?" sauti ilitoka ndani, kavu. "Mimi si mgonjwa. Iondoe."

"Baba..."

"Nimesema iondoe!"

Akaiondoa, akairudisha jikoni. Alikuwa na hasira na alikuwa anataka kulia, na hakujua lipi lianze.

*

Wifi alifika Jumapili saa nne kamili na sanduku. Sanduku tupu, lilipotolewa kwenye gari lilisikika jepesi, na sauti ile ilimkata fundi maini. Alimwamkia baba yake, kisha akaingia uani na viatu vyake vya kisigino, akatembea taratibu kama anayekagua mabweni. Alipita juu ya kiraka cha kwanza asikione, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambayo kiraka kinaweza kupata. Akafika kwenye nguzo.

"Na hili?"

Fundi alikohoa. "Hilo, Dada, ni bahati mbaya. Ni maji ya dawa ya nguo. Ya huyu."

Huyu. Hata "mke wangu" hakusema. Wifi aligeuka, akamtazama mpiga pasi kuanzia kanga mpaka kandambili.

"Ni kweli?"

Mpiga pasi alimwona mzee kibarazani, amekaa wima mno, vidole vimeng'ang'ania magoti. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa la kweli, na alikuwa na haki nalo.

"Ni kweli, wifi," alisema. "Nilimwaga maji ya dawa. Nilisahau."

"Ulisahau." Wifi alitikisa kichwa. "Mnaona? Wiki tatu niliwapa. Kama dawa inamwagwa ovyo hapa, dawa za mzee zinatolewa vipi? Wewe, lete nguo za Baba. Baba, inuka tujiandae."

Fundi akalichukua sanduku. Ndivyo mambo yalivyokuwa yanakwenda, na mpiga pasi alitambua kwa hofu kwamba uongo wake ulioelekezwa kumlinda mzee ndio uliokuwa unamfungashia mizigo.

"Liweke chini sanduku," Mzee Kiwanja alisema.

Alishuka kibarazani akishika ukuta, akavuka ua mpaka kwenye doa. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ya kikazi, sauti ya mtu anayewaeleza vibarua wapya.

"Mwalimu, inama. Dawa ikiunguza, inaunguza mpaka ukingoni. Hapa ukingo unaonaje?"

"Baba, hatuna muda wa..."

"Ukingo unaonaje?"

"Kijani," wifi alisema.

"Kijani. Basi huo ni mkojo. Mwanamke huyu amejisingizia." Akaishika nguzo. "Wala hakuwa mbwa. Mbwa dume hukojolea nguzo ya geti. Mkwe wangu aliniambia siku ile ile nami nikamfokea. Nilikuwa najua. Ni mimi."

Kwa jirani redio ilikuwa inaimba, halafu mtu akaipunguza.

"Kwa nini usiende chooni, Baba?" wifi aliuliza hatimaye, na ukuu wa shule ulikuwa umemtoka kooni.

"Sifiki."

Fundi alikaa juu ya sanduku. Wifi alivua viatu, sijui kwa nini, akabaki amesimama peku kwenye nyasi za baba yake.

"Kwangu choo kimo humo humo chumbani," alisema taratibu. "Hatua tatu."

Lilikuwa neno la maana, na wote walilijua hivyo.

"Na ukitoka chumbani," mzee aliuliza, "nje kuna nini?"

Wifi akamgeukia mpiga pasi. "Na wewe ulijua. Ukanidanganya usoni."

"Nilijua juzi, wifi. Na hakutoka nje kwa kukosa matunzo. Alitoka kwa ajili ya ulimi wangu. Alinisikia nikilalamika kwamba nadeki mikojo yake." Aliona mumewe akiinua kichwa, na akaendelea kwa sababu tayari alikuwa ameanza. "Mficha uchi hazai. Nimechoka, ndiyo. Juzi nilitamani umchukue."

"Na leo?"

"Leo kuna ndoo jikoni. Nilimpelekea jana akaifukuza. Akiikubali, tutawezana. Asipoikubali, sitaweza, na sitakudanganya tena."

Wote watatu wakamtazama Mzee Kiwanja. Alikuwa ameshika nguzo yake, macho chini. Mtu aliyeandaa uwanja kwa ajili ya maelfu alikuwa anaulizwa, mbele ya wanawe, kuhusu ndoo. Alitazama kiraka, akatazama ukoka wote mpaka ukutani, akalitazama sanduku.

"Ina mfuniko?" aliuliza.

"Ina mfuniko, Baba."

"Basi."

*

Wifi aliondoka alasiri na sanduku lake jepesi. Alimshika mpiga pasi mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema atarudi baada ya wiki tatu, na ilisikika nusu kama ahadi na nusu kama onyo. Fundi alikuwa bado hajamtazama mkewe machoni. Alichukua baiskeli akaenda karakana ya mbao kumrudisha Karani.

Alirudi na mnyororo. Mbwa, mwenye karakana alisema, alikaa siku mbili bila kula, ya tatu akakata mnyororo akatoroka, na hawajamwona tena. Fundi aliyasema hayo akiwa mlangoni, kisha akamwambia mkewe, "Na wewe pia nilikusingizia," akaingia kuoga kabla hajajibiwa. Mzee Kiwanja aliuchukua mnyororo, akaushika mapajani mpaka giza likaingia. Hakucheka wala hakusimulia hadithi ya golikipa.

Jumatatu mpiga pasi aliamka alfajiri akatega sikio. Mlango wa jikoni haukulia. Siku hiyo zamu yake ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo saa moja na nusu, jua limeshachomoza na jirani yupo ukutani akipiga mswaki, alikuwa bado uani anaanika nguo. Mzee Kiwanja akatokea mlangoni na ndoo nyeupe, mfuniko umebanwa sawasawa.

Alikwenda kuipokea. "Lete, Baba, nikamwage chooni."

"Chooni? Utupe mbolea?" Alimkwepa kwa bega. "Lete maji. Moja kwa kumi. Si tisa, ni kumi. Na usimwage mahali pamoja, hapo ndipo tulipokosea."

Kisha akavuka ua na ndoo yake, mchana kweupe, jirani akamwamkia na yeye akaitikia, akaenda polepole mpaka nyuma ya tangi, kwenye lile shimo la mraba walikokata pande. Mpiga pasi alimfuata na maji, akihesabu kata kwa sauti ili mzee asikie.